Fizi: Wifi ya Kilembwe ikijaa watu, mzigo hukwama kwenye ruta kabla ya kufika satelaiti

Kilembwe iko mbali na fiba, mbali na nguzo za umeme wa SNEL, na safari ya kutoka Baraka kwenda huko hutegemea mvua na usalama wa barabara. Kwa centre kama hii ya sekta ya Lulenge, territwari ya Fizi, antena ya satelaiti imebadilisha mambo. Mwezi wa tatu 2024, mamlaka ya mawasiliano ARPTC ilikataza matumizi ya Starlink nchini kwa sababu kampuni hiyo haikuwa na leseni. Mwezi wa tano 2025, leseni ilitolewa. Tangu hapo, antena ndogo inayowekwa juu ya bati ni njia inayokubaliwa ya kuleta intaneti mahali ambapo kampuni za simu hazijafika vizuri.

Antena moja ni ya bei kubwa kwa jamaa moja. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ambayo kijana mwenye biashara hufanya ni kuigawa: anaweka antena, anaunganisha ruta ndogo, anauza tikiti za saa moja, za siku moja, za juma moja. Wateja wake ni mwanafunzi, négociant wa dhahabu anayefuata bei ya soko la dunia, muuguzi mwenye ripoti ya kutuma, mama anayetaka kusikia sauti ya mtoto wake aliye Uvira au Kigoma.

Kwa watu kumi, kila kitu hutembea. Kwa watu themanini, saa ya jioni, koneksio huanza kulala. Sauti za WhatsApp zinakatika, ukurasa wa kuingiza kodi ya tikiti haufunguki, na wateja wanadai pesa zao. Wazo la kwanza la mwenye biashara ni kulaumu satelaiti. La pili ni kulipa abonema kubwa zaidi au kununua antena ya pili. Mara nyingi pesa hiyo hutoka bure, kwa sababu mahali penye kukwama ni kisanduku kidogo kilicho chini ya antena: ruta yenyewe.

Kompyuta ndogo yenye kazi nyingi

Ruta nyingi zinazotumiwa na wauza wifi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati ni kompyuta ndogo. Ndani yake kuna prosesa, memori, na programu inayoamua kila kipande cha data kiende wapi. MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa 1996, imejulikana sana katika biashara hii kwa sababu vifaa vyake ni vya bei ndogo na programu yake, RouterOS, inaweza kufanya karibu kila kitu: kuuza tikiti, kuzuia tovuti, kumpa kila mteja kiasi chake cha spidi. RouterOS imejengwa juu ya Linux. OpenWrt, programu ya bure ambayo mafundi wengine huiweka kwenye ruta za kawaida, nayo ni Linux.

Ubora wa programu ni kwamba inabadilika unavyotaka. Udhaifu wake ni kwamba kila kazi unayoiongeza hulipwa na prosesa ile ile. Ruta kubwa za kampuni za simu zina chipu maalum iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kupitisha data, nazo haziombi prosesa msaada kwa kila kipande. Ruta ndogo ya wifi haina chipu hiyo, au inayo kwa kazi chache tu.

Mfano unaojulikana ni hAP lite ya MikroTik. Ina prosesa moja ya megahezi 650 na memori ya megabaiti 32. Milango yake ya kebo ni ya megabiti 100 kwa sekunde. Hapo tayari kuna mpaka wa kwanza ambao wanunuzi wengi hawauoni: hata antena ikileta megabiti 180, mlango huo hautapitisha zaidi ya 100. Zile 80 nyingine zimelipiwa na hazitaingia nyumbani.

Barieri haihesabu magunia

Mpaka wa pili ni mgumu kidogo kuuona, nao ndio unaosumbua jioni. Watu hupima intaneti kwa mega. Prosesa ya ruta haipimi mega. Inapima pakiti.

Data yoyote, iwe picha, sauti au barua, hukatwa vipande vipande kabla ya kusafiri. Kila kipande ni pakiti. Pakiti kubwa ya kawaida hubeba baiti 1,500. Ile ndogo kabisa kwenye kebo ina baiti 64. Ruta hupokea kila pakiti, husoma anwani yake, huangalia kama inaruhusiwa, huandika kwenye daftari lake ni ya mazungumzo gani, hubadilisha anwani ya ndani iwe ya nje, kisha huituma.

Yeyote aliyepita barabara za Fizi anaelewa hesabu hii. Kwenye barieri, askari huangalia karatasi za kila chombo. Lori lenye magunia mia moja na pikipiki yenye gunia moja huchukua karibu muda ule ule. Siku malori kumi yanapita, magunia elfu moja yamepita na askari hajachoka. Siku pikipiki elfu moja zinapita, magunia ni elfu moja yale yale, lakini foleni inafika kijiji kinachofuata.

Ruta ni barieri hiyo. Kazi yake kwa pakiti ya baiti 64 ni karibu sawa na kazi yake kwa pakiti ya baiti 1,500.

Hesabu yenyewe iko wazi. Koneksio ya megabiti 100 kwa sekunde, ikijaa pakiti kubwa, hupitisha pakiti 8,127 kwa sekunde. Koneksio ile ile, ikijaa pakiti ndogo kabisa, hupitisha pakiti 148,809. Prosesa ya megahezi 650 ina hatua milioni 650 kwa sekunde. Ukizigawa kwa pakiti kubwa, kila moja inapata karibu hatua 80,000. Ukizigawa kwa pakiti ndogo, kila moja inapata karibu hatua 4,300 tu. Kusoma anwani peke yake hakumalizi hatua hizo. Lakini ongeza daftari la mazungumzo, kubadilisha anwani, orodha ya kanuni za ulinzi inayosomwa mstari kwa mstari, na foleni ya kupunguza spidi ya kila mteja: hatua 4,300 huisha mapema. Pakiti inayofika wakati prosesa imejaa husubiri. Nafasi ya kusubiri ikijaa, pakiti hutupwa.

Sauti ni nyepesi kwa mega, nzito kwa ruta

Hii ndiyo sababu kulinganisha wateja kwa mega walizotumia hudanganya. Filamu inayoshuka kwa megabiti 10 kwa sekunde huleta karibu pakiti 813 kubwa kila sekunde, pamoja na pakiti ndogo za simu kujibu kwamba imepokea, mara nyingi karibu nusu ya hizo. Jumla ni kama 1,200.

Simu ya sauti kupitia intaneti kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20. Hiyo ni pakiti 50 kwa sekunde kwenda na 50 kurudi. Watu 30 wanaoongea pamoja hufikisha pakiti 3,000 kwa sekunde, wakati mega wanazokula wote ni chache kuliko za mtu mmoja anayetazama filamu. Kwenye daftari la mauzo wanaonekana wateja wepesi. Kwenye prosesa wana uzito wa filamu mbili na zaidi.

Pakiti 3,000 peke yake haziangushi ruta. Kinachoangusha ni mkusanyiko: simu 80 zilizo hewani, kila moja ikiwa na programu zinazouliza habari mpya hata zikiwa mfukoni, Facebook, TikTok, maboresho ya Android, na juu ya hayo kanuni 50 ambazo fundi aliziweka kidogo kidogo kwa miezi na hakuna aliyewahi kuzifuta. Siku palmarès ya Exetat inatoka, kila mtu hufungua ukurasa ule ule dakika moja. Mega zinazoombwa ni chache. Mazungumzo mapya yanayofunguliwa ni mengi, na kufungua mazungumzo mapya ndiyo kazi ya gharama kubwa kuliko zote kwa ruta, kwa sababu pakiti ya kwanza hupita kanuni zote na kuandikiwa ukurasa mpya kwenye daftari.

Kwa sababu hiyo pia, jaribio la spidi kwenye simu halisemi ukweli wote. Jaribio hilo hutumia pakiti kubwa na mazungumzo machache. Ni kupitisha malori kwenye barieri na kusema barabara iko wazi. Linaweza kuonyesha megabiti 90 safi, na dakika ile ile sauti ya mteja jirani inakatika.

MikroTik yenyewe huchapisha, kwa kila kifaa, jedwali la majaribio yenye pakiti za baiti 64, 512 na 1,518, bila kanuni yoyote, kisha na foleni 25, kisha na kanuni 25 za ulinzi. Tofauti kati ya safu ya kwanza na ya mwisho kwenye vifaa vidogo ni kubwa sana. Ila namba inayoandikwa kwenye tangazo la duka ni ya safu ya kwanza, pakiti kubwa, bila kanuni. Hakuna muuza wifi anayefanya kazi namna hiyo.

Kwa nini inalala kabisa

Wateja wengi wameona jambo lingine: jioni koneksio haipungui tu, inakufa, hata ukurasa wa fundi mwenyewe haufunguki. Jambo hilo lina historia. Mwaka 1996, watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan, walieleza namna kompyuta inayopitisha pakiti inavyoweza kuzidiwa hadi kutopitisha chochote. Kila pakiti iliyofika iligonga mlango wa prosesa na kuilazimisha kuacha kazi iliyokuwa mkononi. Pakiti zilipokuwa nyingi, prosesa ilitumia muda wake wote kufungua mlango, na hakuna aliyehudumiwa ndani.

Linux ilirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000: pakiti zikizidi, prosesa hufunga kengele na kwenda kuzichukua kwa mafungu. Hilo lilisaidia sana. Lakini ruta dogo lililojaa bado huchelewesha kazi nyingine zote, na ukurasa wa tikiti ni mojawapo. Mteja mpya mwenye pesa mkononi hawezi kuingia, wakati wale walio ndani hawapati kitu.

Wakubwa walipambana na ukuta huo huo

Tatizo hili si la Kilembwe wala la vifaa vya bei ndogo peke yake. Ruta za kwanza za dunia zote zilikuwa kompyuta zenye programu. Zile za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ziliwekwa 1969, nazo zilikuwa kompyuta za Honeywell. Intaneti ilipokua, programu ilishindwa kufuata, na kampuni zikahamia kwenye chipu maalum. Juniper ilitoa ruta yake ya M40 mwaka 1998 kwa njia hiyo.

Hata hivyo programu haikuachwa, kwa sababu chipu maalum ni ghali na haibadiliki. Chuo cha MIT kilitengeneza ruta ya programu iliyoitwa Click. Mwaka 2000 wahandisi wake waliandika kwamba kwenye kompyuta ya Pentium III ya megahezi 700 ilipitisha pakiti 333,000 za baiti 64 kwa sekunde bila kupoteza hata moja. Prosesa hiyo ilikuwa na megahezi karibu sawa na za hAP lite. Mwaka 2009, mradi wa RouteBricks uliunganisha kompyuta nne na kufikia gigabiti 35 kwa sekunde.

Ukuta uliofuata ulikuwa koneksio ya gigabiti 10. Kwa pakiti ndogo, hiyo ni milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67 kwa kila moja. Kwenda kusoma kitu kimoja kwenye memori ya kawaida kunaweza kula muda huo wote. Mwaka 2012, Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, alionyesha kwa programu yake netmap kwamba kiini kimoja cha prosesa cha megahezi 900 kinaweza kupokea au kutuma pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Siri yake ilikuwa kupunguza kazi inayofanywa kwa kila pakiti: kuzichukua kwa mafungu, kutozinakili mara mbili, kuruka sehemu za Linux zisizohitajika.

Somo hilo linafaa hadi Kilembwe. Walioshinda ukuta hawakutegemea megahezi peke yake. Walishusha kazi kwa kila pakiti.

Njia ya mkato ina bei yake

Tangu 2015 RouterOS ina njia ya mkato inayoitwa FastTrack. Mazungumzo yakishakubaliwa, pakiti zake zinazofuata hupita bila kukaguliwa tena na kanuni zote. Ni barieri inayomwambia dereva: karatasi zako tumeziona asubuhi, pita. Kwenye ruta ndogo tofauti huonekana mara moja.

Lakini pakiti zinazopita kwa FastTrack huruka pia foleni za wateja. Foleni hizo ndizo zinazomzuia mteja wa tikiti ya megabiti 2 asichukue megabiti 50. Muuza wifi anayefungua FastTrack kwa wote hupata ruta nyepesi na duka lisilo na mizani: kijana mmoja anayeshusha filamu hula fungu la wote, na muuguzi anayetuma ripoti hukaa nje.

Hapa ndipo kuna kitu cha kupoteza. Nchini Kongo, ripoti za zone za afya huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Fomu moja ni nyepesi, haifiki hata ukubwa wa picha nzuri ya simu. Lakini inahitaji mazungumzo yanayofika mwisho bila kukatika. Kwenye ruta iliyojaa, mtu mwenye mzigo mkubwa hapotezi sana, filamu yake hungoja tu. Anayepoteza ni mwenye mzigo mdogo unaohitaji kufika sasa: ripoti, simu ya sauti, ujumbe wa kuita msaada usiku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufagia kanuni, FastTrack ije baadaye. Kanuni zisizotumika zifutwe. Ile inayoruhusu mazungumzo yaliyokwisha kubaliwa iwekwe juu kabisa ya orodha, kwa sababu pakiti nyingi ni za aina hiyo na hazitasoma mistari mingine. Orodha ndefu za tovuti zilizozuiwa ziwekwe mahali pengine. Zipo pia foleni za kisasa, fq_codel na CAKE, ndani ya OpenWrt na ndani ya RouterOS ya toleo la 7. Hizo hugawa koneksio kwa haki bila kumwandikia kila mteja kanuni yake. CAKE yenyewe hula prosesa, na kwenye kifaa dhaifu inaweza kuwa ndiyo mzigo mpya.

Kuna mpaka mwingine ulioandikwa kwenye leseni ya programu, wala si kwenye prosesa. RouterOS ya ngazi ya 4, inayokuja na hAP lite, hairuhusu zaidi ya watu 200 walio hewani pamoja kwa mfumo wa tikiti. Ngazi ya 5 inaruhusu 500. Muuza wifi anayepanga kukua vizuri alijue hilo mapema.

Ruta yenye nguvu hula betri

Katika mji wenye umeme, jibu lingekuwa rahisi: chukua kompyuta ya zamani, weka ndani yake Linux, iwe ruta. Prosesa yake itacheka na kazi ya watu 200. Kilembwe umeme ni wa jua au wa jenereta, na kompyuta ya mezani inaweza kula wati 60 au zaidi, mchana na usiku. Kwa saa 24 hiyo ni karibu wati-saa 1,440. Betri na paneli za kubeba mzigo huo zinaweza kupita bei ya antena yenyewe.

Kati ya hizo mbili kuna njia ya katikati. Kifaa kama hEX ya MikroTik, aina ya RB750Gr3, kina prosesa yenye viini viwili vya megahezi 880, memori ya megabaiti 256, na milango mitano ya gigabiti 1, huku kikila wati chache tu. Kwa antena moja na wateja mia moja, hatua hiyo moja inaondoa mpaka wa mlango wa megabiti 100 na kuongeza nafasi ya prosesa.

Viini viwili hata hivyo si spidi mara mbili kila siku. Ruta hugawa mazungumzo kati ya viini, na mazungumzo moja kwa kawaida hubaki kwenye kiini kimoja. Fundi akikusanya wateja wote katika foleni moja kubwa, kiini kimoja kinaweza kufika asilimia 100 huku kingine kimelala.

Kupima kabla ya kununua

Kabla dola haijatoka mfukoni, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Saa yenye watu wengi, fundi afungue Winbox na aangalie mambo mawili kwa pamoja: asilimia ya prosesa, na megabiti zinazopita kwenye mlango wa antena. Majibu yako matatu.

Prosesa ikiwa karibu asilimia 100 na mlango wa antena haujajaa, tatizo ni ruta. Antena ya pili haitasaidia. Chombo kinachoitwa Profile ndani ya RouterOS kitaonyesha kazi inayokula prosesa: kanuni, foleni, au kitu kingine.

Prosesa ikiwa chini na mlango wa antena umejaa, basi kweli ni koneksio. Hapo abonema kubwa au antena ya pili ina maana.

Vyote viwili vikiwa chini na wateja bado wanalalamika, tatizo liko hewani. Wifi ya gigahezi 2.4 ni barabara moja ambayo simu zote hupita kwa zamu, na simu iliyo mbali, nyuma ya ukuta wa matofali, huongea polepole na kuchelewesha zote. Ruta mpya haitabadilisha hilo. Antena ya wifi ya pili, iliyowekwa upande mwingine wa centre kwenye chaneli tofauti, itabadilisha. Mitandao ya kijamii ya wifi inajua hilo, kama Pamoja Net ya kisiwani Idjwi kwenye Ziwa Kivu: watu wanaogawana koneksio moja hugawana pia hewa moja.

Kipimo cha kuthibitisha ni kuunganisha kompyuta moja kwa moja na antena kwa kebo, bila ruta ya tikiti katikati, saa ile ile ya jioni. Sauti ikiwa safi hapo na ikikatika kwenye wifi, satelaiti haina kosa.

Kwa wanaouza, upande wa sheria nao uko. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 inasimamia huduma za mawasiliano nchini na kuweka aina za ruhusa, na ARPTC ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuuza wifi kwa watu. Masharti ya abonema nayo yasomwe, kwa sababu abonema ya nyumbani si lazima iruhusu kuuzia wengine. Antena iliyokamatwa au akaunti iliyofungwa ni hasara kubwa kuliko ruta iliyolala.

Kwa mteja wa Kilembwe, swali la kumuuliza muuza wifi si mega ngapi anatoa. Ni watu wangapi anawaweka kwenye ruta moja saa ya jioni, na kama ripoti ya muuguzi inapita wakati wengine wote wanatazama mpira. Muuzaji anayeweza kujibu swali hilo akiwa na namba ya prosesa yake mkononi hatakimbilia kununua antena ya pili kabla ya kujua kama anaihitaji.